Wanasema ninaleta siasa kanisani kwa sababu ninauliza mishahara ya mabinti wa kazi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uyole, Mbeya, na ni katibu wa idara ya vijana katika usharika wetu. Ninakuandikia kwa sababu jambo lililoanza kama kujifunza Biblia limefika mahali ambapo mchana ninaogopa kukutana njiani na wazee wangu wa kanisa na usiku sipati usingizi, wala simwoni mtu wa karibu ninayeweza kumwuliza bila maneno kusambaa.

Mwaka jana kikundi chetu kilisoma kitabu cha nabii Amosi tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipofika pale anapowakemea watu wanaowauza maskini kwa jozi ya viatu huku wakiendelea na sikukuu na nyimbo zao, mmoja wetu aliuliza ni nani anayeuzwa namna hiyo katika mtaa wetu. Hatukuhitaji kufikiri sana. Mabinti wa kazi wamejaa katika nyumba zetu, wengi wametoka Makete, Ludewa, Ileje na vijiji vya Rungwe, na siku ya Jumapili wao ndio wanaobaki kupika na kuangalia watoto wakati sisi tuko ibadani. Ndipo tukaanzisha darasa la Jumapili alasiri katika chumba cha Shule ya Jumapili, tukawa tunawafundisha kusoma na kuandika wale wasiojua, kushona, kuweka hesabu ya fedha zao, na haki zao kwa mujibu wa sheria.

Katika darasa hilo binti mmoja wa miaka 16 alinionyesha daftari lake. Ameandika majina ya miezi kwa penseli, mwezi mmoja katika kila mstari, tangu alipoletwa Mbeya miaka miwili iliyopita, na mbele ya kila mwezi ameandika neno moja tu: bado. Mwajiri wake humwambia kwamba fedha zake anamtunzia na kwamba atampa zote siku atakapoondoka. Mikono yake imepasuka kwa kufua kwa maji ya baridi alfajiri, na unajua baridi ya Uyole ya mwezi wa sita na wa saba ilivyo. Mwajiri huyo ni mzee wa kanisa letu, mtu anayeheshimika, ambaye amechangia sehemu kubwa ya bati za kanisa jipya. Katika nyumba hiyo hiyo ameletwa hivi karibuni mtoto mwingine anayesema ana miaka 13, naye hajaandikishwa shule yoyote.

Nilimweleza mchungaji. Alisikiliza, akasikitika, akaniomba nivute subira mpaka ujenzi ukamilike. Kabla sijajua la kufanya, habari zilifika kwenye baraza la wazee na nikaitwa. Niliambiwa kwamba kanisa si chama cha siasa, kwamba tunawafundisha watoto wa watu kiburi, na kwamba haya tunayoyasema ni theolojia ya Wazungu tuliyoiokota kwenye simu. Mzee mmoja akafungua Waraka kwa Waefeso, akanisomea mahali panaposema watumwa wawatii mabwana zao. Kisha nikaamriwa kurudisha funguo za chumba.

Sasa vijana wamegawanyika. Baadhi wanataka tuweke jina la mzee na picha ya yule binti kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ili watu wajue ukweli. Wengine wanasema tutoke tukaanzishe ushirika wetu. Mama yangu mzazi ananisihi nisimwaibishe, kwa kuwa ameimba kwaya na kukaa kikoba kimoja na wake wa wazee hao kwa miaka mingi. Nyumbani kwake pia yupo binti anayemsaidia, ila huyo tunamchukulia kama mdogo wetu. Mimi mwenyewe, nikipiga magoti kusali, ninachokikuta moyoni ni hasira tu.

Naomba unisaidie. Je, tunalofanya ni imani, au ni uanaharakati tuliouvika joho la kanisa? Tutangaze au tunyamaze? Nibaki au niondoke?

Mwalimu, Uyole, Mbeya

*

Mwalimu mwanangu,

Marahaba, na Bwana asifiwe sana. Maswali yako nitayajibu, lakini ndani ya barua yako limo jambo ambalo hukuliuliza na ambalo haliwezi kungoja majibu ya hayo mengine, nalo ni huyo mtoto wa miaka 13 ambaye hayuko shuleni. Kabla ya mjadala wa imani, kabla ya funguo za chumba na kabla ya bati za kanisa, ashughulikiwe yeye kwanza, na ashughulikiwe wiki hii.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto anayepaswa kulindwa dhidi ya kazi za kinyonyaji. Wewe huna mamlaka ya kuchunguza nyumba ya mtu, wala hutakiwi kuthibitisha lolote. Kazi yako ni kueleza ulichokiona na ulichoambiwa, bila kuongeza chumvi, kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa kupiga namba 116, ambayo ni simu ya bure iliyowekwa kwa ajili ya watoto. Huenda ikaonekana kwamba ni mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini asome na uandikishaji wake umechelewa. Ikiwa ni hivyo, hakuna atakayekuwa amepoteza kitu, na yeye ataingia darasani. Kama ameikosa shule kwa miaka kadhaa, wewe uliye mwalimu unaujua mpango wa MEMKWA, wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, kuliko mimi.

Najua utakachoambiwa: kwamba katika Mathayo 18 Bwana Yesu ameagiza ndugu akikosa aonywe kwanza faraghani, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, na baada ya hapo ndipo kanisa liambiwe. Agizo hilo ninaliheshimu, na hapa chini nitakuomba ulifuate katika jambo jingine. Lakini linahusu watu wazima wanaoweza kuketi na kutazamana usoni. Halikutolewa ili mtoto aendelee kulala katika nyumba hiyo wakati wazee wanapanga tarehe ya kikao, kisha siku moja apandishwe basi kwenda Tunduma au Dar es Salaam, ambako hakuna hata mmoja wenu atakayemwona tena. Tena katika sura hiyo hiyo, kabla hajafika kwenye utaratibu wa kuonyana, Yesu alikuwa amekwisha kumwita mtoto na kumsimamisha katikati ya wanafunzi wake.

Akirudishwa kwao, msidhani kwamba shughuli imekwisha. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini imeumizwa na UKIMWI kuliko sehemu nyingi za nchi hii: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi miongoni mwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 4.4. Nyuma ya tarakimu hizo wako mabibi wanaolea wajukuu kwa kulima viazi na ngano kwenye vishamba vya mteremkoni, na mtu anapofika kutoka mjini akisema kwamba atamchukua mjukuu mmoja, atamlisha na kumvisha, bibi hukubali akiamini kwamba amempatia mtoto maisha. Kwa hiyo swali la nani anamsaidia bibi huyo ni sehemu ya kazi yenu. Usharika wenu hautakosa jirani au mtaa wa kanisa katika kijiji hicho, na Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kuuliza kama kaya hiyo imeingizwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini.

Sasa nije kwa binti wa miaka 16. Umenieleza vizuri anavyodhulumiwa, lakini katika barua nzima hukunieleza yeye mwenyewe anataka nini, na ninahofu kwamba kati yenu nyote, mchungaji, wazee na vijana, hakuna aliyemwuliza. Anaweza kutaka fedha zake na kurudi kwao. Anaweza kutaka kubaki pale pale, ila alipwe kila mwezi. Anaweza kutaka kujifunza cherehani. Na anaweza, kwa sababu anazozijua yeye, kutaka msiguse jambo lake mpaka Krismasi, wakati ambapo ana ruhusa ya kwenda nyumbani. Kaeni naye, wanawake wawili hivi, mahali pasipo na masikio ya watu, mumweleze kila njia iliyopo pamoja na hatari zake, kisha mfuate anachokitaka hata kama kinapunguza kasi ya harakati zenu. Jambo moja tu linaondolewa katika hiari yake: akisema kwamba anapigwa au anaguswa vibaya, kumbukeni kwamba yeye naye ni mtoto kwa sheria, na njia ni ile ile niliyokwisha kuitaja.

Hatari inayosahaulika mara nyingi ni ya usiku wa kwanza. Vijana wenye moyo mwema humwendea mwajiri saa kumi na moja jioni, humsomea sheria, kisha wanarudi makwao wakiwa wameridhika, na saa tatu usiku binti yuko nje ya geti na mfuko wake wa nguo. Msitamke neno kwa mwajiri kabla hamjajua binti atalala wapi ikiwa atafukuzwa, nauli yake iko kwa nani, na kadi yake ya kliniki au cheti chake cha kuzaliwa anacho nani. Katika usharika wenye akina mama wengi hivyo, haiwezekani kukosekana hata nyumba mbili zenye kitanda cha akiba. Tafuteni hizo nyumba kwanza, ndipo mzungumze habari za haki.

Kuhusu fedha zenyewe, amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa yule asiyeishi hapo. Amri hizi hubadilishwa, kwa hiyo kiwango cha leo mkiulize Ofisi ya Kazi, lakini hata kwa kiwango hicho miezi 24 ya daftari lile ni shilingi 1,440,000. Sheria ya mwaka 2004 inampa pia mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na wiki ya kazi isiyozidi saa 45 za kawaida. Kwa maana hiyo Jumapili alasiri anayokuja darasani si fadhila aliyofanyiwa na mtu.

Hapa ndipo Mathayo 18 inapofaa. Binti akikubali, mwombe mchungaji aende kwa mzee huyo pamoja na mama mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, wakiwa na nakala ya kurasa za daftari, wamweleze kwa adabu kwamba fedha iliyotunzwa inaweza kutolewa, na kwamba wamekuja kuomba itolewe. Asipokuwa nayo yote, alipe kwa mafungu, lakini makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi na mlezi wa binti. Akikataa, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ambayo ina ofisi Mbeya. Zingatieni muda: madai ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 na migogoro mingine ndani ya siku 60, na aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kumsindikiza bila malipo. Wale wa darasani walio watu wazima waelezeni pia habari za CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachopokea wafanyakazi wa majumbani, kwa kuwa wanahitaji chombo chao wenyewe ambacho hakitegemei huruma ya vijana wa usharika. Shirika la WoteSawa la Mwanza, linalowatetea wafanyakazi wa ndani, lilianzishwa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi hiyo, na ningependa siku moja darasa lenu liongozwe na mmoja wa hao mnaowafundisha leo.

Kuhusu picha na jina mtandaoni, jibu langu ni hapana. Picha ya binti huyo ikishasambaa hamtaweza kuirudisha, na atakayeishi nayo akiwa na miaka 25, akitafuta mchumba au kazi, ni yeye. Mtamtia pia katika mikono ya mwajiri aliyeaibishwa, nanyi mtajiweka katika hatari ya kushtakiwa, kwa kuwa tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na siku hiyo hiyo mazungumzo ya usharika yatahama kutoka kwenye mishahara ya mabinti na kuwa habari ya mzee aliyechafuliwa na vijana wasio na adabu. Hata hivyo sikushauri mnyamaze. Semeni jambo lenyewe waziwazi bila kumtaja mtu: ombeni viwango vya mishahara visomwe katika matangazo ya Jumapili kama yanavyosomwa mengine, na ombeni baraza lipitishe kanuni kwamba kiongozi yeyote wa usharika, tangu mchungaji hadi mzee wa mtaa, hatakuwa na mtoto anayefanya kazi badala ya kusoma nyumbani kwake, wala mfanyakazi asiyelipwa kila mwezi. Kanuni kama hiyo itawagusa wengi kuliko mtu mmoja, na ni vigumu kwa mtu kusimama mbele ya waumini akaipinga.

Umeniuliza kama hii ni imani. Nashangaa kwamba mmeambiwa ni theolojia ya Wazungu, maana mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu hapa hapa Tanzania, jijini Dar es Salaam, na mkutano huo ndio uliotamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ungamo la imani, ambalo kanisa haliwezi kulikwepa kwa kusema ni siasa. Katika mkutano huo huo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Miaka saba kabla yake, Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, akawaeleza kwamba kanisa lisiposhiriki katika kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini na kuwadhalilisha, litakuwa halina maana tena kwa mwanadamu. Aliyesema hayo alikuwa Mkatoliki mwenye kushika misa, na alikuwa rais wa nchi. Maneno hayo hakuyaokota kwenye simu.

Wazee wako wamekusomea Waefeso 6, nao hawakuwa wa kwanza kuutumia mstari huo namna hiyo. Wenye mashamba ya pamba ya Marekani waliwasomea watumwa wao maneno hayo hayo, na watumwa, wengi wao bila kujua kusoma, walishika habari ya Musa na Farao wakajua ni upande gani wa kitabu unaowahusu. Biblia husomwa tofauti na anayekula na anayeosha vyombo, na Wakristo wengi waliobadilisha dunia kwa imani yao walianza kwa kukaa chini na anayeosha vyombo, wakamwuliza anasikia nini mistari hiyo inaposomwa. Mkiitwa tena, mwombe mzee kwa heshima aendelee mpaka mstari wa 9, ambako mabwana wanaambiwa waache kuwatisha watumwa wao. Kisha mwombe ageuze hadi Wakolosai 4:1, ambako mabwana wanaagizwa kuwapa watumwa yaliyo haki na ya adili. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, umekwenda mbali zaidi: unasema kwamba ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Sijui namna ya kuisoma sura hiyo nikalifikiria daftari la binti huyo kisha nikasema kwamba mshahara ni jambo la siasa.

Lakini imani hiyo hiyo inanilazimu nikuulize juu ya nyumba ya mama yako. Umeandika kwamba binti aliyepo kwenu mnamchukulia kama mdogo wenu, na nina hakika kwamba hamumpigi wala kumnyima chakula. Mzee wenu wa kanisa naye, ukimwuliza, atakuambia kwamba mabinti wa kwake ni kama watoto wake. Je, huyo wa kwenu analipwa kiasi gani, tarehe ngapi, na nani anamkabidhi fedha mkononi? Ana siku ya kupumzika? Ana umri gani, na anakuja darasani kwako? Anzeni hapo, wewe na kila kijana wa kikundi katika nyumba ya wazazi wake, kabla ya kwenda kwa mwingine yeyote. Fanya hivyo bila kumfokea mama. Kaa naye jikoni, pigeni hesabu pamoja, na kama mshahara unampita uwezo, wewe mwenye mshahara wa ualimu uchangie. Mama huyo akishaanza kulipa sawasawa, atakuwa mtetezi wenu mkubwa kuliko wote katika kikoba chake, kwa sababu wale wake wa wazee watamsikiliza yeye kabla ya kukusikiliza wewe.

Inabidi pia kuwatazama waajiri wengine kwa macho ya huruma. Mama anayetoka Uyole saa kumi na moja alfajiri kwenda kufungua kibanda katika soko la Mwanjelwa, mwenye mtoto mchanga na mwingine wa miaka mitatu, hamchukui binti wa kijijini kwa sababu ya ukatili. Anamchukua kwa sababu hana pa kuwaacha watoto, na faida yake kwa mwezi pengine haifiki mara mbili ya huo mshahara. Mkimpelekea sheria peke yake mtakuwa mmemwongezea mzigo. Usharika wenu bila shaka una chumba cha chekechea kinachokaa kitupu nusu ya siku. Kikifunguliwa mapema na kufungwa jioni, kikiendeshwa na akina mama wawili au watatu wanaolipwa, baadhi ya mabinti wakubwa wa darasa lenu wakiwamo, kwa ada ndogo kutoka kwa wazazi na fungu kutoka usharikani, mtakuwa mmepunguza uhitaji wenyewe unaowavuta watoto kutoka vijijini. Kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito kuliko darasa na kuliko kanuni, na linastahili kuombewa fedha kwa bidii ile ile iliyoombewa bati.

Mchungaji wako usimpe kisogo. Ameomba usubiri ujenzi, na ombi hilo si sahihi. Aprili 1963 Martin Luther King, mchungaji mwenzake, alikuwa gerezani Birmingham, Marekani, kwa kuandamana kupinga ubaguzi wa rangi, alipowajibu viongozi wanane wa dini waliomwambia kwamba hatua zake hazikuja kwa wakati wake, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba anayeonewa huambiwa asubiri siku zote. Lakini mchungaji wako alisikitika, na mtu anayesikitika bado yuko karibu. Mpe kazi anayoweza kuifanya, kama hiyo ya kwenda na mama mmoja kwa mzee, badala ya kumtaka atoe hubiri ambalo litamgharimu kituo chake.

Kwa hiyo ninakushauri ubaki. Mkitoka na kuanzisha ushirika wenu mtaimba vizuri na mtakubaliana katika kila jambo, lakini mabinti watabaki katika nyumba za wale mliowaacha, na hakutakuwa na mtu ndani ya baraza wa kuuliza habari zao. Nitabadili ushauri huu kwa sharti moja tu: ikiwa usharika utamwadhibu binti yeyote kwa kusema, au ukaamua kwa maandishi kuficha jambo la mtoto, basi nenda ngazi ya juu ya kanisa lenu, na hapo pia wasipokusikiliza utakuwa huru mbele za Mungu kutafuta mahali pengine pa kuabudu. Kwa sasa endesheni darasa sebuleni kwa yeyote mwenye nafasi.

Hasira unayoikuta ukipiga magoti usiifukuze, na usijilaumu kwa ajili yake. Zaburi zimejaa sala za watu wenye hasira, na wengi wao walimweleza Mungu mambo ambayo wasingethubutu kumweleza jirani. Isipokuwa usiende nayo kwa mzee. Siku ya mazungumzo, kama moyo bado unachemka, mwache mwenzako aseme.

Na ukatibu usiuache kabla ya mkutano mkuu wa usharika, kwa kuwa hapo ndipo bajeti inapopitishwa. Andika hoja ya kituo cha watoto mapema, ionyeshe gharama za mwezi, walezi wangapi, saa za kufungua na kufunga, na ada ambayo mama wa Mwanjelwa anaweza kuimudu, kisha umwombe mama yako au mwenzake mmoja wa kwaya aiwasilishe.